Mabao ya Bican na karatasi zetu

Ukitaka ugomvi uanze kambini bila kutumia hela, nenda kibanda cha kuchaji simu uulize nani kafunga mabao mengi kuliko wote duniani. Wadogo watasema Ronaldo, wengine Messi, wazee watasema Pelé, na lazima kuna mmoja atakayemtaja Romário ili aonekane anajua sana. Hatujawahi kusikia mtu akimtaja Josef Bican. Leo tunamtaja sisi, na si kwa ajili ya kushinda ubishi wa kibandani tu. Tunamtaja kwa sababu ya karatasi.

Bican alikuwa straika. Mcheki kwa wazazi, ila alizaliwa Vienna tarehe 25 Septemba 1913, wakati Vienna ilikuwa bado makao ya dola kubwa ya Austria na Hungaria. Mtaa wake uliitwa Favoriten, mtaa wa vibarua, umejaa Wacheki waliotoka vijijini kwao kutafuta kazi, wengi wao kwenye matanuri ya matofali. Baba yake naye alicheza mpira. Aliumia mechini, na mwaka 1921 akafariki, mtoto akiwa bado mdogo. Mama akabaki na watoto, akifanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Viatu havikuwepo. Bican alijifunza mpira peku, kwa mpira wa matambara, kama tunavyojua wote. Baadaye alikuwa akisema kwamba ile miguu peku ndiyo iliyomfundisha kuumiliki mpira.

Sasa tukomee hapo kidogo, manake hapa ndipo hadithi hizi huwa zinakomea, na hatutaki ikomee hapa.

Tunazijua hadithi za miguu peku. Zimebandikwa kwenye mabango yetu. Kila Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, kuna mashindano ya mpira, kuna fulana mpya, kuna mtu anakuja na kamera, anachagua mtoto asiye na viatu, anamwambia apige danadana. Halafu inaandikwa kwamba kipaji hakina mipaka. Hatuwachukii wanaoandika hivyo. Wengi wana nia njema, na zile fulana tunazivaa mpaka zinachakaa. Ila sentensi hiyo si kweli. Kipaji kina mipaka. Mipaka yake inalindwa na askari, ina dirisha la karani, na ina saa ya kufunga. Huyu Bican ndiye ushahidi wetu, na hakuwa hata mkimbizi.

Tuendelee naye. Akiwa na miaka 18, mwaka 1931, alisajiliwa na Rapid Vienna, klabu kubwa ya wafanyakazi. Walimlipa vizuri, na kila mwaka mshahara ulipanda. Alikuwa na mbio za ajabu. Inasemekana mita 100 alizikimbia kwa sekunde 10.8, jambo ambalo kwa miaka ile lingemweka karibu na wanariadha wenyewe. Alipiga kwa miguu yote miwili. Mwaka 1933 akaanza kuichezea Austria, na Austria ya wakati huo haikuwa timu ya kubezwa: walikuwa na Matthias Sindelar, waliitwa Timu ya Ajabu, walizunguka Ulaya wakiwapiga watu. Kwenye Kombe la Dunia la 1934 kule Italia, Bican, mtoto wa miaka 20, alifunga katika ushindi wa 3–2 dhidi ya Ufaransa. Wakafika nusu fainali, wakatolewa na wenyeji kwa bao moja bila pale Milan. Kwa jumla aliichezea Austria mara 19 na kufunga mabao 14. Kutoka Rapid akaenda Admira, klabu nyingine ya Vienna, akachukua ubingwa mara mbili, 1936 na 1937.

Mwaka 1937 akahamia Prague, kwenye klabu ya Slavia. Hapo alikuwa anarudi kwao, kama unavyoweza kusema mtu anarudi mahali ambapo hakuzaliwa. Baba yake alitoka kijiji cha Sedlice, huko kusini mwa Bohemia, na Bican alikuwa akienda kwa bibi yake likizo za kiangazi tangu utotoni. Alisoma shule ya Wacheki palepale Vienna. Lugha anayo, bibi anaye, damu anayo, klabu anayo. Akaomba uraia wa Chekoslovakia.

Ndugu zetu, si mnajua kinachofuata.

Mwaka uliofuata, 1938, kulikuwa na Kombe la Dunia Ufaransa. Mwezi Machi Ujerumani ya Manazi ikaimeza Austria, na timu ya Austria, iliyokuwa imeshafuzu, ikafutwa kwenye mashindano. Yaani nchi aliyokuwa ameichezea haikuwepo tena kwenye ramani. Nchi aliyohamia ipo, inakwenda Ufaransa, inamhitaji. Yeye ana miaka 24, umri mtamu wa straika. Lakini hakwenda. Wanaosimulia maisha yake wanasema lilikuwa kosa la karani: kuna mahali kwenye makaratasi ya uraia palikosewa, na kosa halikuonekana mapema, na kurekebisha kukachukua muda, na Kombe la Dunia halingoji mtu.

Mtu anaweza kusema, basi, atacheza linalofuata. Tunaisikia sana sentensi hiyo dirishani: njoo mwezi ujao. Sikilizeni sasa. Chekoslovakia walifika robo fainali, wakacheza na Brazil mjini Bordeaux tarehe 12 Juni 1938. Ilikuwa mechi ya fujo. Golikipa na nahodha wao, František Plánička, alivunjika mkono. Straika wao Oldřich Nejedlý, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1934, alivunjika mguu. Ikaisha 1–1. Siku mbili baadaye mechi ikarudiwa, Wacheki bila Plánička, bila Nejedlý, wakafungwa 2–1. Bao moja tu. Na mtu ambaye labda alikuwa mfungaji hatari kuliko wote Ulaya wakati ule hayupo uwanjani, kwa sababu ya kalamu ya mtu mmoja ofisini. Kombe la Dunia lililofuata lilichezwa 1950. Katikati palikuwa na vita. Bican hakucheza tena Kombe la Dunia maishani mwake.

Tunapenda kumfikiria yule karani. Hatumjui, na pengine hakuwa mtu mbaya. Pengine siku ile alikuwa na foleni ndefu, ana njaa, anataka kufunga dirisha aende nyumbani. Kosa lake lilikuwa dogo. Lakini makosa madogo ya makarani yanakaa ndani ya maisha ya watu kama mwiba unyayoni.

Kuna kijana hapa kwetu, jina tunalihifadhi, namba tisa wa timu ya upande wa juu. Waliomwona wanajua. Klabu moja ya mjini ilimwita mazoezini, akapata kibali cha kutoka, akaenda, wakampenda. Wakamwambia alete karatasi ili asajiliwe kwa msimu. Sasa karatasi. Kwenye kadi ya familia jina lake limeandikwa kwa herufi L. Kwenye cheti cha shule limeandikwa kwa R. Wote tunajua kwamba kule tulikotoka herufi hizo ni ndugu, unaitwa kwa yoyote na unaitika. Mwaka wa kuzaliwa nao ulikuwa tofauti: kadi inasema Januari mosi, kama inavyosema kwa nusu ya kambi, kwa sababu siku tuliyopokelewa mama zetu walikuwa wamechoka na aliyekuwa akiandika alikuwa na haraka. Klabu ikaona majina mawili na miaka miwili, ikaogopa kuambiwa wamedanganya umri. Ikamwambia arekebishe. Akaenda dirishani, akapewa tarehe. Tarehe ilipofika, dirisha la usajili la ligi lilikuwa limefungwa wiki tatu nyuma. Kibali kikaisha. Klabu ikachukua mwingine, na hatuwalaumu, wana ligi ya kucheza.

Yeye bado anafunga hapa kila Jumamosi. Ana miaka 22 sasa, au 23, inategemea unasoma karatasi ipi.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mtoto akijituma atafika, tunamuuliza: afike wapi, kwa karatasi gani? Tumsikilize Awer Mabil, ambaye wengi wenu mnamjua. Alizaliwa Kakuma mwaka 1995, wazazi wametoka Sudan Kusini. Akacheza peku Kakuma. Mwaka 2022 pale Qatar alifunga penalti kwenye matuta dhidi ya Peru, Australia ikaenda Kombe la Dunia. Tulilia, hatufichi. Lakini angalieni mpangilio wa mambo. Mpira haukumtoa Kakuma. Aliondoka akiwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 2006, kwa sababu kesi ya familia yake ilipita. Karatasi zilitangulia, mpira ukafuata. Wangapi waliokuwa wakimpiga chenga Mabil kwenye vumbi lile bado wapo palepale, kesi zao hazijapita? Hao hakuna anayewapigia simu kwa mahojiano.

Hatusemi haya ili watoto waache mpira. Ila tunaona hatari kwenye ule wimbo wa kipaji. Mtoto akiamini kwamba kipaji peke yake kinatosha, asipofika atafikiri hakuwa na kipaji. Atajilaumu mwenyewe kwa kosa lililofanyika dirishani. Na kuna hatari nyingine, ya hela. Yule jamaa anayekuja kwenye simu, ana picha ya uwanja wa Ulaya, anasema ni wakala, anaomba ada kidogo ya majaribio, halafu ada ya viza, halafu anapotea. Anakula kwa sababu ya sentensi ileile ya bango. Anamwambia mtoto: una kipaji, kilichobaki ni hela kidogo tu. Tungemfundisha mtoto mapema kwamba kilichobaki si hela kidogo, ni usajili, umri uliothibitishwa, idhini ya chama cha mpira cha nchi mbili, basi yule tapeli angekosa pa kushika.

Hapa tuseme jambo ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya wafanyakazi wa mashirika. Kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha kimataifa mchezaji wa chini ya miaka 18. Ni kanuni nzuri, inawalinda watoto na wauza watu. Lakini ina vighairi, na kimojawapo kinamhusu mtoto aliyekimbia nchi yake kwa sababu maisha au uhuru wake vilikuwa hatarini. Yaani mlango upo. Mtoto mkimbizi anaweza kusajiliwa kihalali. Ila mlango huo unafunguliwa kwa nini? Tena kwa karatasi: uthibitisho wa hali yake ya ukimbizi, uthibitisho wa umri, maelezo ya anaishi na nani. Mtoto mwenye karatasi safi anapita. Mwenye L na R anabaki nje anasubiri, na miaka ya mchezaji si mingi.

Turudi kwa Bican, manake bado hatujafika kwenye mabao.

Uraia ulikuja baadaye. Akaichezea Chekoslovakia mwaka huohuo wa 1938, mechi 14 kwa jumla katika maisha yake, mabao 12. Mwaka 1938 pia Slavia ilichukua Kombe la Mitropa, lililokuwa kombe kubwa la klabu za Ulaya ya kati, na yeye akawa mfungaji bora kwa mabao 10. Machi 1939 Wajerumani wakaingia Prague. Nchi yake ya pili nayo ikafutwa. Wajerumani wakaita mahali pale Himaya ya Bohemia na Moravia, na himaya hiyo ikawa na timu yake ya taifa kwa muda mfupi. Bican akaichezea mara moja, Novemba 1939, dhidi ya Ujerumani yenyewe, mjini Breslau. Sare ya 4–4. Mabao matatu alifunga yeye. Timu ya taifa ya tatu hiyo, na hakuhama hata mtaa: nchi ndizo zilizokuwa zinahama juu ya kichwa chake. Wazee wetu walioenda kulala Zaire wakaamka Kongo wanaielewa hiyo vizuri.

Wakati wa vita ligi ya Wacheki iliendelea, na huko ndiko alikofunga kama mtu aliyekosana na nyavu. Msimu wa 1939/40 mabao 50. Msimu wa 1943/44 mabao 57. Misimu mitano mfululizo hakuna mfungaji wa ligi Ulaya aliyemzidi. Na hapo ndipo ubishi unaanza: je, mabao hayo yahesabiwe?

Wanaopinga wanasema ilikuwa wakati wa vita, ligi ya nchi iliyokaliwa, wachezaji wengi wa Ulaya walikuwa jeshini au kaburini, timu pinzani zilikuwa dhaifu. Januari 2021 Cristiano Ronaldo alipofikisha bao la 760, magazeti mengi yakaandika kwamba amempita Bican aliyekuwa na 759. Wengine wakasema hapana, Bican ana 805. Chama cha mpira cha Ucheki kikahesabu upya kwenye vitabu vyake, kikatoka na 821. Waliojumlisha na mechi za daraja la chini na za timu za akiba wanapita 900. FIFA yenyewe haitunzi hesabu rasmi ya mabao ya maisha ya mchezaji. Mtu amekufa tangu tarehe 12 Desemba 2001, amezikwa Vyšehrad, makaburi ya watu wakubwa wa Ucheki, na mabao yake bado yanaongezeka na kupungua.

Msimamo wetu uko wazi: yahesabiwe. Mpira uliingia golini au haukuingia? Refa alikuwepo? Timu mbili zilikuwepo? Basi. Kusema bao halihesabiki kwa sababu lilifungwa chini ya uvamizi ni kumwadhibu mtu kwa kuvamiwa. Hakuchagua Wajerumani waje. Na sisi hatukuchagua kucheza kwenye uwanja wenye mteremko nyuma ya ghala la chakula. Ukianza kusema mechi za vita si mechi, kesho utasema shule ya kambi si shule, na ndoa ya kambini si ndoa. Wapo wanaosema hivyo tayari. Tumewasikia.

Lakini angalieni jambo moja ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Ule ubishi wote unawezekana kwa sababu mtu aliandika. Katikati ya vita, nchi imekaliwa, watu wanapelekwa kwenye kambi za mauti, bado kulikuwa na karani mwingine, wa ligi au wa gazeti, aliyeandika tarehe, timu, matokeo, nani kafunga. Karani mmoja alimnyima Bican Kombe la Dunia. Makarani wengine, ambao majina yao hatuyajui pia, walimpa mabao 821. Miaka themanini baadaye watu wanafungua vile vitabu na kuhesabu upya. Yeye mwenyewe hakupiga kelele. Inasimuliwa kwamba Pelé alipofikisha bao la elfu mwaka 1969 na dunia yote ikashangilia, Bican aliulizwa kwa nini hakusema chochote kuhusu ya kwake, akajibu kwamba nani angemwamini. Alikuwa sahihi. Mtu wa Prague ya miaka ile, nyuma ya pazia la chuma, angeaminiwa na nani bila karatasi?

Kuna wenzetu tuliowasomea rasimu hii wakasema: mnatuletea Mzungu, alikuwa analipwa mshahara, alihama kwa mkataba, anahusiana nini na sisi? Wana haki. Bican hakukimbia na godoro kichwani. Alihama kutafuta maisha, akiwa na jina. Ndiyo sababu tunamtumia. Kama karatasi ilimshinda mtu mwenye jina, klabu tajiri nyuma yake na nchi nzima inayomtaka, itamfanyaje mtoto wa Kalemie au wa Bukavu ambaye hata mwalimu wake hajui kuandika jina lake? Na tusidhani maisha yake yalikuwa laini. Baada ya vita Juventus ya Italia walimtaka. Alikataa, kwa sababu aliogopa Wakomunisti wangeshika madaraka Italia. Akabaki nyumbani, na Februari 1948 Wakomunisti wakashika madaraka nyumbani. Unaweza kucheka, na sisi tulicheka kwanza. Alikataa kujiunga na chama. Akaenda kuchezea timu ya kiwanda cha chuma cha Vítkovice, ili aonekane mtu wa wafanyakazi, halafu Hradec Králové. Hapo kuna kisa chake cha Mei Mosi 1953: inasimuliwa kwamba kwenye maandamano watu walianza kupaza sauti wakimtakia maisha marefu Bican, badala ya Rais Zápotocký. Wakubwa wa chama wakakasirika, akaambiwa aondoke mjini mara moja. Kosa lake ni kupendwa. Akacheza mpaka 1955, karibu miaka 42. Baadaye akafundisha timu, hata Ubelgiji alifika, kwenye klabu ya Tongeren, lakini kuna miaka alifanya kazi za mikono kama kibarua yeyote, na watu wakamsahau.

Sasa yale tunayoyataka. Tunawaambia kwanza wa mashirika, kwa heshima, kwa sababu wengine wenu ni marafiki zetu na mnakaa kwenye jua moja na sisi.

Mnapoandaa mashindano, andikeni. Si picha, tunazo picha. Andikeni majina kamili ya wachezaji wote, si nahodha tu, kama yalivyo kwenye kadi zao, na namba zao, na matokeo, na nani kafunga, na tarehe. Halafu mtupe nakala yenye muhuri. Hatujui kwa nini muhuri ni ghali kuliko fulana. Mara nyingi tumeambiwa kwamba taarifa hizo ni za ndani, zinakwenda kwenye ripoti. Tunaelewa habari za kulinda taarifa za watu, tena sisi ndio tunaohitaji kulindwa zaidi. Lakini bao la mtoto si siri yake ya hatari, na akitaka kuonyesha amefunga, ni haki yake kuonyesha. Ripoti ina idadi: vijana 240 wameshiriki. Bican hakuwa “kijana ameshiriki”.

Pili, tarehe na majina. Siku za kuhakiki kadi zikija, wekeni meza moja ya marekebisho ya majina na umri kwa vijana wa shule na wa michezo, kabla misimu haijafunguliwa, si baada. Mnajua tarehe za dirisha la usajili, zinatangazwa. Kesi moja ya herufi ingeweza kumalizwa kwa dakika kumi kama mwenye mamlaka angekaa kwenye meza hiyo. Tunajua mamlaka mengine ni ya serikali, si yenu. Basi muwaite wakae nanyi.

Tatu, wasichana. Hapa tuna hasira kidogo. Mechi za wavulana angalau mtu anakumbuka matokeo. Timu ya wasichana ilicheza mashindano mazima mwaka jana, na tulipouliza nani alikuwa mfungaji bora, kila mtu alikuwa na jibu lake. Refa hakumbuki. Mratibu amehamishwa. Msichana aliyefunga anajua, na dada yake anajua. Bican alikuwa na vitabu vya ligi. Huyu ana dada yake tu.

Na kwenu vijana wenzetu. Msingoje muhuri ndipo mwanze. Kila timu iwe na mtu mmoja wa kuandika, na asiwe mchezaji, kwa sababu mchezaji akifungwa haandiki. Andikeni hata mechi mliyopigwa saba. Mtu aliyefunga bao kwenye mechi ya kushindwa 7–1 ana bao moja, ni lake. Kila mmoja aangalie leo jioni majina yake kwenye kadi, kwenye cheti cha shule, cha kliniki, na kama herufi zinagombana asiende peke yake dirishani. Aje tupange tarehe twende kumi, manake mtu mmoja anaambiwa arudi kesho, watu kumi wanapewa kiti. Wale mnaoambiwa na wakala wa simu mtume hela, leteni namba yake kwenye kikundi kabla ya kutuma.

Sisi tumeanza. Tumenunua daftari kubwa la kurasa 200, la jalada gumu, na tunapiga picha kila ukurasa kwa simu tatu tofauti, kwa sababu mvua ya hapa mnaijua na paa letu mnalijua. Ukurasa wa kwanza una mechi sita za wavulana na nne za wasichana. Yule namba tisa tuliyemsema ana mabao manne mpaka sasa, na tumemwandika kwa herufi zote mbili, na mstari chini unaosema ni mtu mmoja, na mashahidi watatu wametia sahihi. Kambi nyingine mkitaka kuona tulivyochora safu, tutumieni ujumbe tutawapigia picha. Jumamosi hii wasichana wanaanza saa nane, wavulana saa kumi. Mwandishi wetu wa Jumamosi ana mtihani, kwa hiyo tunatafuta mtu wa kushika kalamu mechi zote mbili. Awe na mwandiko unaosomeka.